Huyu Aliuawa na Kidole

Masika ya mwaka 2004 nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, namfuata fundi mmoja wa mitambo ya hospitali, mzee wa Buguruni asiye na maneno mengi. Siku hiyo tulikwenda hospitali moja kule Ilala kufunga tyubu mpya ya eksirei.

Kufungua na kufunga boliti kulichukua nusu siku. Sina cha kusimulia hapo. Wakati wa kujaribu, mzee akanipa kitufe: bonyeza nusu, subiri, kisha malizia. Nikabonyeza nusu. Kwenye kichwa cha mashine ukaanza mlio, ukapanda kama feni ya dari iliyotiwa namba tano. Ukaninogea. Nikabaki nimeshikilia tu, hadi kofi likanitua begani.

"Achia! Unapika uzi bure!"

Akanitoa barazani, akaniwekea mapajani tyubu iliyokufa. Chupa nene ya kioo, ndani hewa imenyonywa yote. Upande mmoja uzi wa tungsteni, mwembamba kama wa balbu. Ukipata moto, elektroni zinautoka na kuuzunguka kama kumbikumbi kwenye taa baada ya mvua. Upande wa pili sahani nzito. Ukimalizia kitufe, volti kama 60,000, hizo kwa picha ya mkono tu, zinazivuta elektroni hadi zijibamize kwenye sahani. Katika kule kufunga breki ghafla ndimo mionzi inamozaliwa, na ni kidogo mno: asilimia 1 hivi. Iliyobaki yote ni joto. Ndiyo maana sahani inazungushwa karibu mara 3,000 kwa dakika, isitoboke mahali pamoja, na tyubu nzima inalazwa ndani ya mafuta.

Kumbe ule mlio ulikuwa wa sahani. Na muda wote niliokuwa nikiufurahia, uzi ulikuwa unawaka kwa moto wake wote, unapukutika kidogo kidogo.

"Tazama chemni hii," akasema.

Kioo kilikuwa kimeingia weusi wa kahawia unaong'aa. Nikakisugua kwa dole gumba. Haukutoka, uchafu ulikuwa kwa ndani, tungsteni yenyewe.

"Huyu aliuawa na kidole."

Mama mmoja kwenye foleni, mtoto mgongoni, alikuwa akitusikiliza. "Baba, sasa hiyo mionzi si bado imejaa humo chumbani?"

"Mama, ukizima taa, mwanga unabaki?"

Yule mama akacheka, lakini hakusogea mlangoni.

Tukarudi ndani. Nikabonyeza nusu, nikasikiliza mlio hadi ukatulia, nikamalizia papo hapo. Mzee hakusema kitu. Alikuwa ameshaanza kukunja waya.

Jioni tulipanda daladala, tyubu ya zamani nimeipakata. Konda akaitazama, akauliza balbu hiyo ni ya taa gani.

"Ya mifupa," mzee akamjibu, akampa nauli ya watu wawili.