Wa Kulwa au wa Dotto?

Jumapili usiku

Swali la sista limenikaa kooni tangu siku ya mahafali ya binti yetu. Hata kukabidhiwa idara Jumatatu hakujaliondoa, wala kule kuvuka daraja la Kigongo–Busisi kwa mara ya kwanza, kilomita 3 juu ya maji bila kungoja pantoni.

Siku hiyo sista alikuwa ameketi pangoni kwa Bikira Maria, fimbo magotini.

"Tumsifu Yesu Kristo, sista."

"Milele, amina." Akanikazia macho. "Wewe ni wa Kulwa au wa Dotto?"

"Wa Kulwa. Mama mdogo Dotto hakusoma hapa."

"Alisoma! Dotto ndiye aliyekuwa na kichwa. Mama yako alikuwa akinakili kwake."

Matroni akaja kumwita chakulani, tukaishia hapo.

Hakusoma hapa. Nililitamka kwa uhakika kabisa! Nyumbani tuliambiwa mama mdogo hakupenda shule, nami nikaamini. Nikiwa kidato cha pili nilimwambia mbele ya wageni, "Hii ni hesabu, mama mdogo, hutaielewa." Hakujibu. Aliendelea kuchambua dagaa, kokoto huku, dagaa huku. Vile vidole ndivyo ninavyoviona kila nikifumba macho. Na mama hayupo wa kumwuliza.

Enzi zao ilikuwa shule ya kati ya masista, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Misa bado ya Kilatini. Ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, serikali ikachukua shule za mashirika, na bweni alilolala mama leo ni madarasa ya shule ya msingi. Hii ya binti yetu jimbo liliijenga baadaye, ng'ambo ya uzio. Ina maabara, ila tranka zinafungwa kwa kufuli vilevile, na kengele ya prepo bado ni rimu ya lori inayogongwa kwa nondo.

Jana nikajikaza, nikampigia mama mdogo. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Ada ilitosha ya mmoja, mwanangu. Babu yako akasema Kulwa ndiye mkubwa, aendelee yeye."

Nikaanza kumwomba radhi, machozi yananitoka, akanikatiza: "Ave Maria, gratia plena, Dominus tecum..." Akaenda nayo mpaka amina, bila kukwama, kwa sauti ya msichana. Binti akasogeza sikio kwenye simu.

"Nilikuwa naongoza mimi," akasema, anacheka. "Mama yako anafuata."

Simu ilirekodi, na tumeisikiliza mara tatu. Krismasi anakuja kwetu, na binti ameshachukua daftari la kuandikia.

Mdogo wangu alivuka kwenda kisiwa cha Ukara asubuhi, na simu yake haipatikani. Tangu kivuko cha MV Nyerere kizame pale 2018 silali mtu wangu akiwa njia ile, na upepo wa ziwani umeanza kupiga mabati.