Siku moja wodi ya wanawake, mwezi wa Ramadhani

Saa 12:00 asubuhi niko kituo cha daladala, viatu vya kazini kwenye mfuko. Mimi ni muuguzi, Tanga mjini. Watu wanadhani kazi yetu ni kuchoma sindano na kufoka. Kufoka tunafoka, sikatai.

Saa 1:30 tunapokea ripoti: wagonjwa 34, wauguzi wawili. Dawa, dripu, vidonda, mashuka.

Saa 3:20, kitanda cha 6, bibi wa Kimasai kutoka Kilindi. Mkalimani wake ni mjukuu wa kiume. Kila nikiuliza habari za mkojo, bibi anageukia dirishani, kijana anajibu, "Hamna shida." Nikamtuma kijana akanunue maji, nikamwita mama wa usafi anayejua Kimasai. "Takwenya," akamsalimu. "Iko," bibi akaitika, na maneno yakamtoka: mkojo unamchoma wiki ya pili sasa.

Saa 5:00 hivi, kitanda cha 9. Bi Mkubwa ana kisukari, na sasa jasho linamtoka, vidole vinatetemeka. Insulini nilimchoma mimi mwenyewe asubuhi, chai ikaja, nikaendelea na wengine. Chai aliisogeza kwa jirani. Alikuwa amefunga, nami sikumuuliza. Kosa langu hilo.

Namtoboa kidole kupima sukari: 3.2. Ikishuka chini ya 3.9 mtu anafungua papo hapo. Nikakoroga sukari kwenye maji. Akafumba mdomo.

"Mwanangu, nafunga tangu sijavunja ungo. Wewe Mhaya utanifundisha Ramadhani?"

Sina jibu la hilo, na nikimlazimisha kesho atanificha zaidi. Nikakimbia wodi ya wanaume, kuna ustadhi anamuuguza kaka yake. Akaja na kandambili, akasimama nje ya pazia, akamsomea aya ya 185 ya Baqara: aliye mgonjwa au safarini atatimiza hesabu siku nyingine. Bi Mkubwa akanyamaza. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa tende tatu alizoweka za futari. Akala moja moja, taratibu kabisa, mimi nimeshika kikombe roho mkononi. Akanywa. Baada ya robo saa, 5.4.

Nikadhani yamekwisha. Simu! Binti yake yuko Muscat. "Mmemlisha mama yangu mchana?" Nikaeleza. Akataka daktari. Daktari yuko chumba cha upasuaji. Akataka ustadhi. Ustadhi kaenda kuswali. Nikaeleza tena, shikamoo dada, pole dada, huku dripu ya kitanda cha 14 imekwisha na mtu ananiita kwa kupiga kijiko kwenye chuma cha kitanda. Chakula changu cha mchana sikukiona. Sijui ilikuwa saa ngapi alipokata simu, najua tu miguu ilikuwa imevimba.

Jua linazama, adhana inasikika, Bi Mkubwa ananiita kwa kidole. Ustadhi amemwambia asipoweza kulipa siku zake atatoa fidia, kibaba cha chakula kwa kila siku, na macho yake hayaoni vizuri. Nikachukua karatasi ya vipimo vya sukari, nyuma yake nikaandika: siku 1.

"Acha nafasi," akasema. "Daktari kasema nitakaa hapa mpaka Ijumaa."

Usiku nikimkabidhi mwenzangu ripoti, akaigeuza karatasi. "Hii nini tena?"

"Deni la kitanda cha 9. Kesho ongeza moja."