Jinsi nilivyotatua programu ya Flutter iliyokosa intaneti katika toleo la mwisho

Programu yangu ya Flutter (zana ya Google ya kutengenezea programu za simu na wavuti) ilifanya kazi vizuri kila nilipoijaribu kwa kebo kutoka kwenye kompyuta, vilevile kwenye iPhone na kwenye kivinjari, lakini mara nilipotoa toleo la mwisho la Android na kulisakinisha, kurasa zilifunguka zikiwa tupu, bila picha wala orodha ya bidhaa.

Nilibadili anwani ya seva, nikajenga upya baada ya amri ya flutter clean, inayofuta mabaki ya ujenzi wa awali, hata nikaazima simu nyingine. Hali ikabaki ileile. Kumbukumbu za hitilafu zilidai kuwa jina la seva halipatikani, ilhali kivinjari cha simu hiyohiyo kilikuwa kikilifungua.

Ndipo nikafungua folda ya android/app/src. Humo mna mafaili matatu yenye jina moja, AndroidManifest.xml, yanayoiambia Android programu inahitaji ruhusa gani: moja katika folda ya debug, jingine katika profile (hizi mbili ni za majaribio), la tatu katika main. Mawili ya kwanza yana ruhusa ya intaneti tangu mradi unapoanzishwa, kwa kuwa zana za Flutter zenyewe huihitaji ili kuwasiliana na programu wakati wa majaribio. Toleo la mwisho halisomi hayo, husoma la main, na humo ruhusa hiyo haikuwamo. Niliongeza mstari huu:

<uses-permission android:name="android.permission.INTERNET"/>

Mahali pake ni ndani ya lebo ya manifest, juu ya lebo ya application. Mara ya kwanza niliuweka ndani ya application, nao haukukubaliwa. Nilipouhamisha, nikaondoa programu ya zamani kwenye simu na kusakinisha mpya, picha zikajitokeza.