Dubstep nzito kutoka Ngamiani: pakiti za sampo, honi ya meli na sabufa za kukodi

Tanga hakuna anayekuja studio kuomba dubstep. Wanakuja wa singeli, wanakuja wa Bongo Fleva, wanakuja wanakwaya, na mara mojamoja anakuja mtu wa taarabu anayekumbuka kwamba mji huu ndio wa vikundi vya Black Star na Lucky Star. Kwa hiyo vijana wa dansi walipopiga hodi hapa kwangu Ngamiani wakitaka "biti ya roboti, lakini nzito, ile ya kutikisa kifua", niliitikia kabla hatujafika kwenye bei. Wao hucheza ule mtindo wa kukakamaa na kuvunja viungo, na kila kundi wanaloshindana nalo hupakua nyimbo zilezile za Marekani. Walitaka kitu ambacho jaji hajawahi kukisikia. Mimi nilikuwa na laptopu ya kawaida, FL Studio (programu ya kutengenezea muziki), hedifoni, na hamu ya siku nyingi.

Kwa asiyeijua, dubstep ni muziki uliozaliwa kusini mwa London, pande za Croydon, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mikononi mwa vijana kama Skream na Benga waliokuwa wakikutana kwenye duka la santuri la Big Apple. Mwendo ni mapigo 140 kwa dakika, ila sneya, ile ngoma ya mlio mkali, inagonga pigo la tatu tu, kwa hiyo mwili unausikia kama 70. Wamarekani walipoupokea, hasa Skrillex kuanzia 2010, waliileta mingurumo ya kati mbele ya besi, na sura hiyo ndiyo wanayoijua wacheza roboti. Mtu aliyezoea singeli, ambayo huvuka mapigo 200, mara ya kwanza hudhani kompyuta imekwama.

Kwenye pakiti za sampo, yaani mafungu ya sauti zilizorekodiwa tayari, ndiko wengi wanakopotelea. Ziko za bure, ziko za kulipia, na zote zinajisifu kwa uzito uleule. Mimi huanza kwa kuhesabu bando. Dakika moja ya faili la WAV la stereo, biti 24 kwa kHz 44.1, inakula karibu MB 16, kwa hiyo pakiti ya GB 1 ni kama saa moja tu ya sauti, na nusu yake yaweza kuwa mivumo ya kupandia na milipuko ambayo hutaigusa. Nasikiliza onyesho lake kwenye simu kwanza, nasoma orodha ya yaliyomo, ndipo napakua usiku. Nachotafuta ni mipigo mmojammoja: kiki (ngoma nene ya chini), sneya, hai-hati (matoazi madogo), na mingurumo mifupi ya noti moja. Lupu, vile vipande vizima vya kurudiarudia, nazipita. Priseti, yaani sauti zilizokwisha kupangwa, naangalia ni za programu gani, kwani za Serum hazina faida kwa mtu anayetumia Vital kama mimi. Vital ni sinthesaiza (programu ya kuunda sauti) ya Matt Tytel iliyotoka 2020, toleo lake la msingi ni bure, na kwa mingurumo ya dubstep sioni unachokosa.

Soma leseni pia, hata kama inachosha. Ikisema bila mrabaha, maana yake kwa kawaida ni kwamba unaweza kuitumia sauti ndani ya wimbo wako na kuuza wimbo, lakini huruhusiwi kuiuza sauti yenyewe ikiwa peke yake, wala kuifunga upya kwenye pakiti yako. Lupu uliyoibandika nzimanzima ina tatizo lake lingine: watu chungu nzima duniani wanayo, na mfumo wa YouTube wa kutambua muziki unaweza kukufananisha na mtu usiyemjua.

Baada ya kupakua, nilifungua folda moja tupu na kuhamishia humo sauti chache mno: kiki mbili tatu, sneya kadhaa, mingurumo isiyozidi kumi. Zilizobaki nikazisahau. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu nimeona maprodyuza wenzangu wana diski imejaa pakiti na hawana wimbo hata mmoja uliokamilika. Kazi yao ni kubofya na kusikiliza, kubofya na kusikiliza, mpaka umeme wa Luku unakwisha.

Nilianza na sneya, si besi. Katika mwendo huu wa polepole sneya ndiyo inayobeba wimbo, ikiwa nyembamba kila kitu kinalegea. Niliunganisha mbili kutoka kwenye pakiti tofauti: moja yenye mwili kuzunguka Hz 200 (Hz ni mitetemo kwa sekunde, namba ikiwa ndogo sauti ni nene), nyingine yenye mfoko wa juu tu, ule wa "tsss", ile ya pili nikiikata kila kitu kilicho chini ya Hz 1,000 ili zisigombane. Nikazivuta kwenye ubao mpaka mawimbi yote mawili yaanze kupanda pamoja, kwa sababu zikipishana kidogo tu zinalana. Juu yake nikaweka mwangwi mfupi uliokatwa ghafla.

Halafu likaja suala la ufunguo, yaani noti ambayo wimbo mzima unaiegemea. Hapa nilikaa muda mrefu kuliko pengine popote. Pakiti nyingi za dubstep zimetengenezwa kwa F, na sababu yake ni nzuri: F ya chini ni karibu Hz 44, besi inayosikika kwa tumbo zaidi kuliko kwa sikio. Kwenye klabu ya London yenye spika za kazi hiyo, sawa. Lakini wimbo wangu ungepigwa kwenye spika za kukodi, zile za harusini, kwa hiyo kabla sijaandika noti hata moja nilimfuata mwenye muziki.

"Kaka, nataka kujua sabufa zako zinashuka mpaka wapi."

"Zinashuka sana. Watu wanakimbia."

"Niruhusu nizijaribu."

Aliniruhusu kwa shingo upande. Nilikuwa na flashi yenye milio mitupu, kila mmoja na Hz zake, kuanzia 30 kupanda mpaka 80. Kwenye 30 na 35 koni za inchi 18 zilicheza kwa fujo bila sauti ya maana. Maboksi ya aina hii yana tundu mbele lililopimwa kwa kiwango fulani, na chini ya kiwango hicho spika inatupa mikono hovyo, inaweza hata kuungua. Kwenye 44 kulikuwa na mnong'ono. Kwenye 49 bati la banda lilianza kulia, na mwenye muziki mwenyewe akacheka.

Hz 49 ni G. Basi wimbo ukawa wa G, na noti nyingine za besi nikazipeleka juu yake, si chini: A shapu (A#) ya Hz 58 na C ya Hz 65. Mingurumo yote ya F kutoka kwenye pakiti niliipandisha nusu-toni mbili, yaani kutoka F mpaka G. Hakuna aliyegundua kwamba wimbo hauna besi ya chini kabisa, kwa sababu besi iliyokuwepo yote ilikuwa inatoka.

Besi yenyewe ni wimbi la "sine" tupu (mlio laini kabisa) kutoka Vital, mono (sauti ileile kwa spika zote), bila urembo. Mingurumo nikaikata kila kilicho chini ya Hz 120 ili besi ibaki na chumba chake. Na kila kiki inapogonga, besi inabanwa chini kwa muda mfupi mno, halafu inarudi. Ukisikiliza peke yake unaona kama besi inapumua, ila ndani ya wimbo huoni chochote, unasikia kiki tu imeingia. Kwa ajili ya wanaosikilizia simu niliinakili besi, nikaitia distosheni (mkwaruzo wa makusudi), nikaishusha sauti. Spika ya simu haiwezi kabisa kutoa Hz 49, lakini ikitoa 147, 196 na 245 zinazotokana nayo, ubongo unaijazia yenyewe noti ya chini. Ndiyo maana mtu kwenye bajaji anatikisa kichwa kwa besi ambayo haipo.

Mingurumo ya pakiti sikuitumia ilivyo. Njia yangu ni hii: nachukua mngurumo mmoja, naupitisha kwenye filta, kichujio cha sauti kinachofunguka na kufunga, naongeza distosheni, narekodi matokeo kama sauti mpya. Hiyo sauti mpya naikatakata vipande, vingine navigeuza nyuma-mbele, vingine navishusha oktavu nzima, narekodi tena. Ukishusha oktavu moja, kila kitu kinashuka kwa nusu: yale ya juu yaliyoishia kHz 22 sasa yanaishia 11, sauti inakuwa nzito lakini yenye ukungu. Kuondoa ukungu nilibandika juu yake mfoko mwembamba wa hai-hati. Kisha OTT, plagini (programu ya kuongezea) ya bure ya Xfer inayokandamiza sauti katika matabaka matatu, lakini kwa asilimia 30 tu. Ukiiacha kwenye 100 kila kitu kinapiga kelele kwa pamoja, na mtu akipiga kelele wimbo mzima hakuna tena pa kushtukia.

Mama mwenye nyumba alivumilia siku kadhaa, kisha akabisha mlango.

"Mwanangu, umefunga mashine ya kusaga humo ndani?"

"Shikamoo Mama. Hapana, ni kazi ya watu."

"Marahaba. Basi hao watu wasage mchana."

Tukakubaliana hivyo, usiku nikarudi kwenye hedifoni.

Bado wimbo haukuwa na chochote cha Tanga. Nikaenda Raskazone jioni meli ilipokuwa inatoka bandarini, simu nimeiweka kwenye kurekodi WAV, nimejibanza nyuma ya ukuta kuukwepa upepo. Kwa kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za 1972, meli ya mita 200 na zaidi hutakiwa kuwa na honi ya kati ya Hz 70 na 200, na ya mita 75 mpaka 200 kati ya Hz 130 na 350, zikizidi kuwa nene kadiri meli inavyozidi ukubwa. Kwa prodyuza wa dubstep hiyo ni zawadi, maana ni eneo lile la juu kidogo ya besi ambalo mingurumo ya pakiti mara nyingi inakuwa dhaifu. Niliyoipata ilisoma karibu Hz 110, yaani A. Nusu-toni mbili chini, ikawa G. Nikaiweka chini ya mngurumo wa kwanza wa dropu, pale besi yote inapoangukia, nikaifunga kwenye filta ileile, na ghafla ule mngurumo ambao maelfu ya watu wanao kwenye diski zao ukawa na kifua.

Jambo la pili la hapa kwetu lilikuwa mwendo. Besi ya kutetemeka ya dubstep inaendeshwa na LFO, kitu kinachofungua na kufunga filta kwa mpigo unaouchagua. Wengi hukaa kwenye mgawanyo wa mbili na nne. Lakini ukiuweka kwenye tatu, kila pigo linagawanyika sehemu tatu, na masikio ya pwani yanaujua mgawanyo huo tangu utotoni: ni chakacha. Kwenye dropu ya pili nilibadilisha LFO kutoka nne kwenda tatu, nikatia kofi za mikono kutoka kwenye pakiti mojawapo kwa mpangilio wa ngoma ya harusini. Nilipowachezea wale vijana, mmoja wao, binti mdogo kuliko wote, aliacha roboti katikati na kiuno kikaanza kwenda. Wenzake wakamzomea kwa furaha. Kiongozi wao akasema, "Bro, hapo usipaguse."

Miksi sitaieleza sana. Niliacha nafasi ya desibeli 6 juu ili sauti isipasuke, nikaweka kila kitu cha chini ya Hz 120 katikati, mono, kwa sababu spika za kukodi mara nyingi zimefungwa mono hata kama mwenyewe hajui. Nilijaribu kwenye simu, kwenye bajaji ya jirani, na kwenye sabufa zilezile za majaribio.

Kabla ya dropu ya pili niliacha mzunguko mmoja wa mapigo manne kimya kabisa. Kwa 140 hiyo ni chini kidogo ya sekunde 2. Wachezaji walitaka wagande hapo. Siku ya shindano, ukumbi mzima ulidhani umeme umekatika, mtu nyuma yangu akapaza sauti, "Luku hiyo!" Vicheko vikaanza, na honi ikaingia juu ya vicheko.

Walishika nafasi ya pili. Waliowashinda walicheza vizuri zaidi, sina ubishi. Baadaye kijana wa kundi jingine alinifuata kuuliza ule mngurumo wa mwanzo upo kwenye pakiti gani, akaniambia nimtumie jina. Nikamwambia aangalie ratiba ya meli.

Wimbo bado haujapanda kwenye majukwaa. Kuna lupu moja ya hai-hati niliiacha nzima kwa sababu ya haraka ya shindano, na kwa hayo niliyoyasema kuhusu YouTube sitaki kuipeleka hivyo. Nimesharekodi mnyororo wa baiskeli ukizunguka bila mzigo, gurudumu limeinuliwa. Ukikatwa vipande vifupi na kuondolewa kila kilicho chini ya Hz 6,000, unafanya kazi ileile. Nikimaliza kuupanga naupandisha, na vijana wameshaambiwa wasiusambaze kwa WhatsApp kabla ya hapo. Najua tayari wameshausambaza.