Eti Kiwelshi hakina irabu

Ukihamia Wales utapigwa utani uleule kila kona: Kiwelshi hakina irabu, usijisumbue. Inaudhi, maana wapigaji utani wamezaliwa ng'ambo ya mpaka tu, England, na mji wa Llanelli bado wanauita "Laneli". Irabu zipo saba: a, e, i, o, u, w, y. Sisi tuna tano. Nani kapungukiwa?

W hutamkwa kama u yetu, kwa hiyo bws, yaani basi la abiria, ni "bus". U nayo, huku kusini mwa Wales, ni i. Kinachotusumbua ni y. Katika silabi ya mwisho ni i. Kabla ya hapo ni sauti hafifu, mdomo nusu wazi, ulimi umelala. Ysbyty, yaani hospitali, ina hafifu mbili kisha i.

Dd ni dh ya dhahabu, f ni v, ff ndiyo f. Ch ni kh ya Kiarabu; watu wa pwani wanayo tayari.

Ll ndiyo kazi. Weka ulimi kana kwamba unataka kusema "la", ubaki hapohapo, zima sauti ya koo, kisha pumulia nje kando ya ulimi. Huna uhakika? Vuta hewa ndani ulimi ukiwa palepale: baridi iguse pembeni, si nchani. Ikitoka "thl" au "shl", ncha imeachia ufizi.

Mkazo kwa kawaida ni silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu, na hapo ndipo tunajiharibia. Tukibandika irabu mwishoni, mji wa BANgor unakuwa "banGOri" na hakuna anayekuelewa. Funga neno kwa konsonanti, uache. Caerdydd (yaani Cardiff) na mji wa Pontypridd ni za kuzoea tu: mkazo uko mwisho kabisa.

Mliokuja kulea wazee, visa haikuwadai haya. Lakini mzee wa Gwynedd, kaskazini-magharibi mwa Wales, aliyeanza kupoteza kumbukumbu mara nyingi hurudia lugha ya utotoni, na kama anaitwa Gwenllian, mkazo uko kwenye "lli". Jifunze jina kabla ya kumshika mkono.

Herufi ya kwanza nayo hubadilika kufuatana na neno lililotangulia. Ukiona "i Gaerdydd" (kwenda Cardiff) au "yng Nghaerdydd" (ndani ya Cardiff), usishuke kwenye basi ukidhani umepotea. Ni Cardiff ileile.