Trekta kugeuka Canter: kivuli kimekubali

Kimekubali! Jana jioni, trekta likiwa limefunikwa kwa fremu na turubai ili lionekane lori, pale shambani Hombolo, Dodoma, na jua limeshainama, binamu yangu akapiga simu kutoka juu ya jabali: "Kaka, leo naona Canter." Nikamwambia ahamie upande wa pili wa jabali aangalie tena kwa darubini. Akahama. Canter vilevile. Hata tairi kubwa za nyuma hakuziona.

Fremu haikunisumbua. Ni skweapaipu za inchi moja, nusu mbili zinazokutana juu katikati na kufunguka kulia na kushoto, kama zilivyokuwa Sunshield zenyewe, yale maturubai ya jeshi la Uingereza ya kukifanya kifaru kionekane lori kule Misri, Vita vya Pili vya Dunia. Kilichonitesa ni shingo ya gari, ile nafasi kati ya kebini na bodi.

Ukilitazama lori kutoka juu, jicho halianzi na rangi wala vioo, linaanza na kivuli. Kivuli cha Canter kina vipande viwili, kidogo cha mbele na kirefu cha nyuma, na katikati unapita mwanga. Turubai langu lilikuwa linatoa kivuli kimoja kizima, na binamu kila jioni jibu lake lilelile: "Bado kibanda, kaka." Nikapaka mstari mweusi shingoni. Saa sita mchana ulidanganya vizuri, maana jua liko utosini na kivuli chenyewe ni kifupi. Ikifika saa kumi, rangi haina kazi tena. Ardhi yetu wakati wa kiangazi haina nyasi wala nini, kila kivuli kinajichora juu yake kama mkaa kwenye ukuta wa chokaa. Nikapasua turubai kwa wembe ili mwanga upite. Likachomoza bomba la moshi la trekta, limesimama wima katikati kabisa ya upenyo! Siku hiyo nilifunga kazi mapema, hasira imenijaa.

Dawa imekuwa kusogeza kebini mbele. Trekta ni fupi kuliko Canter, kwa hiyo fremu lazima izidi, na nafasi ya kuchezea ni hapo hapo kwenye kuzidi. Sasa imezidi pua ya trekta kwa mita 1.2, shingo inaangukia juu ya boneti, na bomba la moshi limebaki nyuma, limefichwa ndani ya "bodi". Chini, boneti inaziba mwanga kama chesisi ya lori inavyoziba. Upenyo unaonekana juu tu, panapotakiwa. Nilishuka mwenyewe kwenda kukitazama kile kivuli ardhini, nikasimama pale mpaka jua likazama.

Hii ndiyo kazi inayonifanya nimheshimu Jasper Maskelyne. Zile hadithi kwamba aliihamisha bandari ya Alexandria na kuuficha mfereji wa Suez kwa mataa, waliochimba kumbukumbu za jeshi wamezitilia shaka kubwa, na mimi sizihitaji. Wazo la kukifanya kifaru kionekane lori alilichora Jenerali Wavell wa jeshi la Uingereza mwaka 1941. Maskelyne, mwanamazingaombwe wa jukwaani aliyezaliwa katika ukoo wa wanamazingaombwe, akaunda ya kwanza kwa mbao, nzito kiasi cha kutaka watu 12 kuinyanyua. Zilizofuata zikawa za chuma chepesi na turubai, na katika maandalizi ya mapigano ya El Alamein, huko Misri, zilitumika 722.

Lakini turubai peke yake lisingetosha. "Malori" yale yalitangulia kusimama kaskazini, wazi, mpaka marubani wa Kijerumani wakayazoea. Kisha vifaru vikaja usiku, vikaingia chini yake, alama za minyororo zikafutwa, na kule vilikotoka vikaachwa vifaru vya bandia. Kulipokucha, kwa anayetazama kutoka angani hakuna kilichohama. Shambulio lilianza usiku wa tarehe 23 Oktoba 1942, Rommel, jemadari wa Wajerumani, akiwa kwenye matibabu nje ya uwanja wa vita. Hayo ni mazingaombwe halisi: mtazamaji anapokaa sawa ili aanze kutazama, mchezo umeshachezwa.

Kuhusu vifaa. Turubai la plastiki la bluu msilitumie kabisa, linang'aa hata likipakwa matope, na kwa upepo wa Dodoma linapiga makofi mchana kutwa. Nimenunua Sabasaba turubai la zamani la kitambaa, zito, limepauka, ndilo hasa. Kufungia, waya wa nondo unachana kitambaa pembeni. Vipande vya tyubu ya baiskeli vinavutika upepo ukija na kurudi ukipita, na huhitaji koleo kuvifungua. Alama za tairi nafuta kwa kukokota tawi la mgunga.

Nilipanga sasa nichore vioo vya kebini, halafu tufanye jaribio la kubadilishana usiku. Nimeviweka kando, kwa sababu akili yote imehamia kwenye Diamond, lile bomba la maji la uongo la jangwani. Waingereza walichimba mtaro, wakalaza kando yake bomba lililotengenezwa kwa madebe ya petroli. Usiku waliliinua na kulisogeza mbele, mtaro wa nyuma ukafukiwa kana kwamba bomba limeshazikwa. Likaenda hivyo kilomita 32 kuelekea kusini, kwa mwendo uliomfanya adui akisie kazi itaisha siku 10 baada ya tarehe halisi ya shambulio. Bomba lile lilidanganya mahali pa shambulio, maana lenyewe lilikuja kaskazini, likadanganya na kalenda! Sijaona kiini macho kizuri kuliko hicho.

Nataka mita 100 kando ya njia ya ng'ombe. Nimeshaongea na mwenyekiti wa kitongoji, maana huku kwetu maji si jambo la kuchezea, mtu akiona mtaro na bomba ataanza kuhesabu siku. Amekubali kwa sharti la kibao kikubwa kila mwisho wa mtaro, na nitapita nyumba za jirani nieleze kwa mdomo. Wa kudanganywa ni jicho la juu ya jabali tu.

Madebe ya bati yamekuwa adimu, kila kitu ni ndoo za plastiki. Nimeanza kukunja bati chakavu juu ya gogo la mkorosho, na kipande cha kwanza kimetoka mviringo mzuri. Kazi sasa ni kuunganisha vipande bila kila kiungo kutupa kivuli chake.