Kiraka kilikuja, mwenzake akabaki

Jumamosi ile, Desemba 9, 2023, nilikuwa nimeshaandika amri ya kusasisha seva ya ushirika wetu wa akiba. Kabla sijabonyeza Enter nikaona tangazo la Debian, mfumo endeshi wa seva hiyo: toleo la 12.3 limesitishwa, keneli (kiini cha mfumo) ya 6.1.64 inaweza kuharibu data kwenye ext4, mfumo wa kupanga faili kwenye diski. Nikafuta amri. Daftari za akiba za watu ziko mle.

Chanzo kilikuwa kiraka, yaani marekebisho madogo ya msimbo wa keneli. Chenyewe kilikuwa kizuri. Kiliandikiwa keneli mpya, ili ukubwa wa faili uhifadhiwe sawasawa pale programu inapoandika moja kwa moja kwenye diski. Ila kilitegemea badiliko jingine, la iomap (sehemu ya keneli inayoshughulikia kusoma na kuandika faili), kuhusu wakati wa kusogeza mbele nafasi ya kuandikia. Kwenye 6.1, keneli ya zamani ambako kiraka kilirudishwa, badiliko hilo halikuwepo. Kiraka kikabandikwa bila tatizo, keneli ikajengeka, na hesabu ya nafasi ikaharibika kimyakimya. Hicho ndicho kinachonitisha hadi leo.

Kesho yake ikatoka 12.4 yenye 6.1.66. Nikasasisha, nikawasha upya, nikaandika uname -r, amri inayoonyesha toleo la keneli, mara mbili.

Siku hizi nikirudisha kiraka kwenye keneli ya zamani, naanza na historia ya git (kumbukumbu ya mabadiliko ya msimbo) ya kila faili kinayoigusa, hata ikinichukua usiku mzima.